Pembe Mbichi ya Shuka

Kama kukereka kungekuwa kazi, Bi Pembe angekuwa amepandishwa cheo zamani. Asubuhi, hata macho hajafumbua vizuri, jirani wa chumba cha pili ameshaanza kuungurumisha pikipiki chini ya dirisha lake, na moshi unaingia ndani bila hodi. Akitoka kwenda bombani, anakuta ndoo za watu zimepanga foleni, wenyewe wamerudi kulala. Akirudi na maji yake, anakanyaga msumari.

Msumari huo ni wa mumewe. Mumewe alikuwa fundi viatu, na meza yake ya kazi ilikuwa barazani, mlangoni kabisa, hivi kwamba huwezi kuingia wala kutoka bila kuruka soli, vipande vya ngozi na kopo la gundi. Tena alikuwa na tabia iliyomkaa Bi Pembe kooni miaka yote ya ndoa yao: akigonga kiatu, alijaza misumari midogo mdomoni, akaipanga katikati ya midomo kama mtu anayetafuna vijiti.

"Mzee, toa uchafu huo mdomoni. Siku utakapoumeza usiniite."

"Mmh," mzee alijibu, maana mwenye misumari mdomoni hana jibu refu zaidi ya hilo.

Tuseme mapema kwamba Bi Pembe hakuwa mtu mbaya. Hakuiba, hakusengenya, hakuchelewa kazini, na hakumwomba mtu alichokuwa nacho mwenyewe. Alipenda kila kitu kiwe mahali pake. Watu wa namna hii ni wa lazima duniani. Bila wao milango ingebaki wazi na mabomba yangemwaga maji usiku kucha. Hatari yao ni moja tu. Wakishazoea kuwa sahihi, huacha kuuliza.

Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka ya hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo kubwa, kimegawanywa na ukuta. Upande mmoja uliitwa upande mchafu. Huko mashuka yalifika ndani ya magunia, yakachambuliwa, yakasukumwa ndani ya mashine, kisha yakavutwa kutoka yakiwa mazito kwa maji, kazi ya kukata mgongo. Upande wa pili ulikuwa upande safi, wenye pasi, meza ndefu na rafu. Mtu wa upande safi alinawa mikono kabla ya kushika chochote, na shuka likigusa sakafu lilirudi kufuliwa, hapakuwa na mjadala.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wawili husimama mbali, kila mmoja ameshika pembe mbili. Wanaliinua juu na kulikung'uta, wanalikunja kwa urefu, kisha wanatembea hadi wakutane. Mmoja anampa mwenzake pembe zake, anainama kushika mkunjo unaoning'inia chini, wanarudi nyuma tena. Wanakutana, wanaachana, wanakutana. Siku nzima ni hivyo. Na kila walipokutana Bi Pembe alisema, "Pembe kwa pembe!" ndipo wenzake wakambandika jina hilo, na likamganda.

Aliyekuwa ng'ambo ya shuka lake kwa miaka hiyo yote aliitwa Redio. Jina halihitaji maelezo. Redio alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye sauti nene na kicheko cha kuamsha wagonjwa, na mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzima. Lakini mashine zilinguruma sana mle ndani, kwa hiyo kilichosikika ni yale tu aliyoyasema walipokutana kupeana pembe. Alianza kisa, mara wanaachana. Akiendelea ng'ambo kule, mashine zinameza. Wakikutana tena kisa kimefika mbali.

"Basi shoga, mchumba wa mpwa wangu siku ya kuja kujitambulisha, kijana wa watu na suruali yake imenyooka, akaingia sebuleni, akakalia miwani ya baba mkwe—"

"Pembe kwa pembe!"

Bi Pembe alikwisha rudi nyuma. Walipokutana tena Redio alikuwa akijifuta machozi ya kicheko, na yaliyompata kijana yule Bi Pembe hakuyasikia. Hakuuliza. Visa vya Redio alikuwa navyo nusu nusu, kama sahani zilizopasuka, na hakuona kama amepungukiwa chochote. Zaidi ya hapo, Redio alivuta kamasi, Redio aliazima kandambili bila kuomba, na siku za karibuni Redio alianza kuacha kikombe cha chai juu ya rafu ya foronya. Jioni Bi Pembe alimhesabia mumewe makosa hayo moja baada ya jingine, na mumewe aliitikia "mmh."

Kisha Redio akanyamaza.

Halikuwa jambo la siku moja. Alianza kuzungumza kidogo, halafu kidogo zaidi, hadi ikawa wanapoachana kule hapigi domo kabisa, na wanapokutana anatoa maneno mawili matatu ya harakaharaka. Wenzao wa upande safi walitania. "Jamani, redio imeishiwa betri!" Redio akacheka nao. Bi Pembe alishukuru moyoni. Hatimaye, alijiambia, mtu anaweza kufanya kazi.

Lakini furaha hiyo ilikuja na kero yake. Siku moja, alipopokea pembe kutoka kwa Redio, alihisi ubichi vidoleni. Shuka lilikuwa limetoka kwenye pasi muda huohuo, kavu na moto, ila pembe moja ilikuwa mbichi. Akadhani ni pasi. Shuka lililofuata likawa vilevile. Na lililofuata. Pembe ileile siku zote, ile ya mkono wa kushoto wa Redio.

"Mikono yako ina maji? Futa basi, bibie."

"Nimefuta, shoga. Ni jasho hilo."

"Jasho la mkono mmoja?"

"Mkono huo ndio mchapakazi." Redio akacheka, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Kwani mkono huu, shoga, tangu ule wakati wa mvua—"

"Pembe! Angalia pembe, inaning'inia!"

Na wakaachana.

Wiki ile Redio aliangusha pembe mara kadhaa, mashuka yakarudishwa kufuliwa, na Bi Pembe hasira zikampanda. Akaamua kumvizia. Kwa kawaida shuka likiinuliwa juu huficha uso wa aliye upande wa pili. Safari hii Bi Pembe aliinua upande wake, kisha akaushusha ghafla kabla ya wakati. Akamwona Redio, macho yamemtoka, ameuma pembe ya shuka kwa meno kama mbuzi aliyekutwa shambani.

Hapo tusimwonee Bi Pembe. Shuka lile lilikuwa linakwenda kitandani kwa mgonjwa, pengine mwenye kidonda, pengine mtoto mchanga. Mate ya mtu mzima si kitu cha kutandikia wagonjwa. Mtu yeyote mwenye dhamira angekasirika. Kosa lake halikuwa hasira, kosa lilikuwa kwamba alikwenda moja kwa moja hadi kwa msimamizi bila kufungua kinywa mbele ya mwenzake. Hata neno moja dogo, "kwa nini", lilimshinda.

Msimamizi alikuwa mwanamume mpole aliyechukia makelele. Alimsikiliza Bi Pembe akikuna kidevu.

"Anatafuna mashuka?"

"Anayauma, bosi. Nimemwona kwa macho yangu haya."

"Ana akili timamu lakini?"

"Ni uchafu tu na uzembe. Mikono anayo miwili."

Redio akaitwa. Mlango wa ofisi ulikuwa wa kioo, na Bi Pembe alimwona akisimama mbele ya meza, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya mfuko wa aproni. Alitazamia kelele. Alitazamia Redio ajitetee, alie, atoe kisa kirefu. Redio hakusema neno. Aliitikia kwa kichwa, akatoka, akapita karibu na Bi Pembe bila kumwangalia, akafungua mlango wa upande mchafu. Ndiko alikohamishiwa.

Nafasi yake upande safi akapewa mama mmoja mpya, mtulivu, mwenye mikono myepesi. Pembe zake zilikuwa kavu. Hakuvuta kamasi, hakuazima kandambili. Kazi ilikwenda kama maji. Bi Pembe alirudi nyumbani akiwa na nafasi kifuani, na mumewe alipouliza habari za kazini alijibu, "Leo nzuri."

Kule upande mchafu Redio alikaa muda mfupi tu. Asubuhi moja hakuonekana, na kesho yake pia. Waliofanya kazi huko walisema alikuwa akishindwa kuvuta mashuka mabichi, akajikaza kisabuni mpaka siku aliyokaa chini sakafuni, katikati ya maji, akaanza kucheka peke yake. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaiacha juu ya mashine. Ameacha kazi. Hakumuaga mtu.

"Mvivu akipewa kazi hukimbia," mmoja akasema. Bi Pembe hakuitikia, ila hakupinga pia.

Jumapili moja alikuwa barazani anachambua mboga. Mumewe alikuwa amebana kiatu cha mteja kati ya magoti, ameshika soli kwa mkono mmoja, nyundo kwa mwingine, misumari mdomoni kama kawaida. Bi Pembe akaanza wimbo wake wa siku zote.

"Lakini, mzee, mtu na akili zake atajazaje misumari kinywani? Huoni kinyaa?"

Siku hiyo mumewe alichoka. Akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akamtazama.

"Mama, hebu niambie. Mkono huu umeshika soli. Huu umeshika nyundo. Msumari nani aushike? Ningekuwa na mkono wa tatu, ningetia msumari mdomoni?" Akainua mabega. "Mtu hatumii meno kwa kupenda. Anatumia meno mkono ukipungua."

Akarudisha misumari mdomoni na kuendelea kugonga.

Bi Pembe alibaki na jani la mboga mkononi. Alimwona Redio nyuma ya shuka. Aliona mkono ndani ya mfuko wa aproni. Kikombe cha chai kilichoachwa juu ya rafu, kwa sababu asiyeweza kubeba vitu viwili lazima kimoja akiweke mahali. Pembe zilizoanguka, kila mara za upande uleule. Alisikia tena yale maneno, "mkono huu, shoga, tangu ule wakati wa mvua," na akasikia sauti yake mwenyewe ikiyakata. Roho ikamuuma mpaka akainuka na kuacha mboga hapohapo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

Redio alipanga chumba kimoja katika nyumba yenye uwanja wa saruji katikati. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Bi Pembe alikuwa hajafika pale hata mara moja. Ilibidi aulize nyumba hadi nyumba. Alimkuta Redio amekaa kwenye kigoda, anajaribu kukamua nguo kwa kuizungushia kwenye bomba na kuivuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala pajani, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyeshika kitu.

"Hodi."

"Karibu, Bi Pembe." Redio hakusimama. "Umekuja kukagua kama nimeuma nguo zangu mwenyewe?"

Bi Pembe akachuchumaa, akaichukua ile nguo, akaikamua. Alihitaji kuwa na kitu mikononi.

"Mkono umeanza lini?"

"Tangu mvua. Ilianza ganzi, ukafuata udhaifu. Daktari akasema ni mishipa, akasema mengi, mengine sikuyaelewa. Nikaona nikisema, watanitoa. Unamkumbuka yule mwenzetu aliyeumia mgongo? Alipewa asante na kuonyeshwa lango."

"Ulipoitwa ofisini, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mtu mchafu anahamishwa. Mtu asiye na mkono anafukuzwa. Nikachagua uchafu." Akacheka kidogo, kile kicheko chake kinene, lakini kiliishia njiani.

"Ungeniambia mimi."

Redio akageuka kwenye kigoda.

"Shoga, nilikuwa nakuambia. Kila siku nilikuwa nakuambia. Shuka nimeliuma, siwezi kusema mpaka tukutane. Tukikutana, nafungua mdomo, wewe huyoo, umeshanyakua pembe na kurudi nyuma. Mimi nikafanyaje? Ningekufukuza chumba kizima?"

Bi Pembe aliinamia kazi. Alikamua nguo ambayo haikuwa tena na maji. Kuna aibu ya mtu aliyefanya ubaya akijua, na hiyo huoshwa kwa toba. Lakini ya mtu aliyefanya ubaya huku akijipongeza ni nzito zaidi, kwa sababu hata mahali pa kuishika hapaonekani.

"Kesho nakwenda kwa msimamizi," alisema.

"Usiende. Kaka yangu anakuja kunichukua mwisho wa wiki. Nitakaa kwake."

"Unataka kwenda?"

"Nataka kukunja mashuka," Redio akasema. "Lakini utafanyaje."

Bi Pembe alikwenda hata hivyo. Alisimama mbele ya ile meza, akaeleza yote, na mara hii hakuacha kosa lake nje. Akamwomba msimamizi amrudishe Redio, walau kwenye foronya, ambazo mtu huzikunja peke yake juu ya meza akiwa amekaa. Msimamizi alikuna kidevu.

"Mama, mimi niliambiwa anatafuna mashuka. Ningeambiwa mkono unamsumbua, ningemkalisha kwenye foronya wakati ule, nafasi ilikuwepo. Sasa ina mtu. Nimtoe huyo nimpeleke wapi?"

"Yule wa mgongo mbona hukumkalisha?"

Msimamizi akainamisha macho kwenye karatasi zake. Pengine alisema kweli kuhusu foronya, pengine alikuwa anajisafisha tu. Bi Pembe hakupata kujua. Alitoka ofisini, na tangu siku hiyo sentensi ile moja, nafasi ilikuwepo, ililala na kuamka naye.

Siku ya Redio kuondoka alikuwa wa kwanza kufika. Vitu vya chumba kizima viliingia katika mabegi machache na gunia. Kaka yake, mtu wa makamo mwenye haraka, alikuwa akivipakia kwenye gari dogo barabarani. Kitandani likabaki shuka la mwisho, jeupe lenye maua yaliyofifia.

"Tulikunje," Bi Pembe akasema.

Wakasimama uwanjani, mmoja huku, mwingine kule. Redio akashika pembe moja kwa mkono wa kulia. Ile nyingine akaitazama, akamtazama mwenzake, kisha akaiuma. Safari hii hakujificha. Wakalikung'uta, wakalikunja kwa urefu, wakatembea mpaka wakakutana. Bi Pembe akapokea pembe zote mbili, kavu na mbichi. Hakurudi nyuma. Hakusema neno lake la siku zote.

"Yule mchumba wa mpwa wako," alisema, "aliyekalia miwani. Ikawaje?"

Redio akakodoa macho. "Kumbe hukusikia?"

"Sikusikia."

"Kisa nimekisimulia mara ngapi, mwanamke wewe!" Akavuta pumzi, na sauti ile nene ikarudi, mkono wa kulia ukaanza kupaa hewani. "Kijana akasikia kitu 'krak!' chini yake. Unadhani alisimama? Wapi! Akaisukumiza mfukoni kimyakimya. Baba mkwe akaitafuta miwani nyumba nzima, kama kipofu, akipapasa mito. Mwishowe akachoka akasema, haya, kijana nimemkubali. Hakumwona hata sura! Mpaka leo akigombana naye anasema, ningekuwa na miwani yangu siku ile, nisingekubali!"

Wakacheka wote wawili, wameshikana na shuka katikati. Bi Pembe alicheka mpaka akainamisha uso juu ya lile shuka, na alipouinua, pembe iliyokuwa kavu nayo ilikuwa mbichi.

"Dada, twende! Jua linazidi!" kaka mtu akaita kutoka barabarani.

Redio akainama, akaokota mkunjo wa chini kwa mkono wake mmoja, akamkabidhi. Bi Pembe akamalizia, akaliweka begani kwake, akalipeleka garini mwenyewe na kuliweka juu ya gunia. Redio akapanda. Gari likaondoka, na mkono wa kulia ukapunga nje ya dirisha mpaka kona.

Kesho yake kazini mashine zilinguruma kama siku zote. Bi Pembe na mama mpya waliinua shuka, wakalikung'uta, wakalikunja, wakatembea hadi wakakutana. Bi Pembe akapokea pembe. Zilikuwa kavu zote mbili. Akabaki amesimama hapo hapo, hakurudi nyuma.

Mama mpya akashangaa. "Vipi, dada? Kuna kasoro?"

"Hapana. Una la kuniambia?"

Mwanamke yule akafikiri kidogo, kwa uungwana.

"Sina," akasema.

Bi Pembe akaitikia kwa kichwa, na wakaachana tena.